Tawi la mpera, baba na mwana: Upinde wa kwanza hautaki haraka

LIKIZO ya Juni ilipoanza, baba mmoja wa Mafinga, dereva wa malori ya mizigo, alirudi nyumbani akiwa na siku tano za kupumzika. Mwanawe wa kiume ana miaka 11. Siku ya kwanza maongezi yao yalichukua dakika chache. Shule vipi? Nzuri. Mtihani? Nzuri. Siku ya pili kijana alishika simu ya mama yake hadi chaji ikaisha.

Simu ilipozima ndipo kijana alipouliza swali. Alikuwa ameona video ya Wahadzabe wakirusha mishale. "Baba, ule upinde wanautengenezaje?"

Baba hakujua, na aliona aibu kusema hajui. Akachukua panga, akaenda nyuma ya nyumba, akakata tawi la mpera na kufunga kamba ya manila ncha kwa ncha. Kazi ya nusu saa. Mshale wa kwanza ulianguka hatua nne mbele yao. Asubuhi yake kamba ilipofunguliwa, tawi lilibaki limejikunja kama mundu. Kijana akarudi kwenye simu.

Wazazi wengi huishia hapo. Huyu hakuishia, kwa sababu mzee wa nyumba ya jirani alikuwa ameona yote kutoka upande wa pili wa ua.

"Shikamoo babu," kijana alisalimia.

"Marahaba. Mti huu mmeukata lini?"

"Jana, babu."

"Na mkaukunja jana hiyo hiyo?"

Baba akajitetea kwa utani. "Mzee, si wanasema samaki mkunje angali mbichi?"

"Huyo ni samaki, mwanangu. Mti ukiukunja mbichi unabaki ulivyoukunja. Kazi ya upinde ni kurudi."

Kitu cha zamani, kazi ya leo

Kabla ya hatua zenyewe, ni vizuri mtoto ajue kwamba anachotengeneza hakijatoka kwenye filamu. Kiswahili kina neno la zamani, uta, wingi wake mata, lenye maana hiyo hiyo ya upinde. Uzi wake huitwa upote. Mfuko wa mishale ni podo au ziaka. Hata ile rangi inayotokea angani baada ya mvua tunaiita upinde wa mvua.

Wahadzabe wa kandokando ya Ziwa Eyasi bado wanawinda kwa upinde, na watoto wao wa kiume hupewa pinde ndogo wakiwa wadogo sana, kabla ya umri wa kuanza shule. Wakamba wa Kenya walisifika kwa pinde zao na biashara ya pembe. Waata, waliowahi kuitwa Waliangulu, waliishi maeneo ya Tsavo na walitumia pinde nzito ambazo mtu asiyezoea hawezi kuzivuta hadi mwisho.

Wote hao walianza kama mtoto yule wa Mafinga, kwa tawi bichi mkononi.

Kuchagua tawi

Mzee aliwaambia wakate matawi mawili, siyo moja, kwa sababu la kwanza huwa la kujifunzia. Mzazi anayeanza azingatie hilo. Ukikata moja na likavunjika, mtoto atakaa wiki nyingi akisubiri jingine, na hamu itaisha.

Mti unaofaa ni ule mgumu unaopinda bila kukatika. Njia rahisi ya kuujua ni kuuliza watu wa hapo mlipo wanatumia mti gani kwa mpini wa jembe au fimbo ya kuchungia. Mpera unafaa, na watoto wanaujua tayari kwa sababu ya manati. Miti ya jamii ya mkole inasifika kwa pinde sehemu nyingi za Afrika. Mwembe na mkorosho hukatika upesi, na mpapai si wa kufikiria kabisa.

Tawi liwe limenyooka, unene wake kama sentimita 4, na lisiwe na vifundo, yaani pale vitawi vidogo vilipochipua. Tazameni magome: mistari yake ikizunguka tawi kama kamba iliyosokotwa, mti wa ndani nao umejisokota, uacheni. Kwa mtoto wa miaka 10 au 11, upinde wa sentimita 130 unatosha. Kipimo kisichohitaji futi ni hiki: ukisimamishwa chini, ufike kati ya kidevu na utosi wake. Kateni ukiwa na ziada ya sentimita 15 kila upande, kwa sababu ncha hupasuka zinapokauka.

Mti ukiwa wa jirani, ombeni ruhusa kwanza, na mtoto mwenyewe ndiye aombe. Msitu wa hifadhi si mahali pa kukata.

Kukausha: wiki ambazo hakuna kinachoonekana

Siku ile ile ya kukata, pakeni ncha zote mbili rangi, gundi ya mbao au nta ya mshumaa. Maji ya mti hutoka haraka zaidi kwenye ncha kuliko ubavuni, na hapo ndipo nyufa zinapoanzia.

Kisha amueni upande upi utakuwa mgongo na upi tumbo. Mgongo ni upande unaotazama mbele, mbali na anayerusha. Tumbo ni upande unaomtazama. Simamisheni tawi, mmoja ashike ncha ya juu kwa kulegeza, mwingine asukume katikati taratibu kwa kiganja. Tawi litajigeuza lenyewe na kutulia upande linakopenda kupinda. Upande uliotokeza nje ndio mgongo. Uwekeni alama kwa mkaa.

Mti mbichi ni rahisi kuchonga, kwa hiyo punguzeni sehemu ya tumbo wakati huu, kama theluthi moja ya unene, mkiacha sentimita 10 za katikati bila kuguswa. Hapo ndipo patakapokuwa mshiko. Mgongoni acheni magome yake. Halafu fungeni tawi kwenye ubao ulionyooka, mliweke kivulini penye hewa. Juani litapasuka. Juu ya jiko litapasuka zaidi.

Litakauka lini? Inategemea mti na hali ya hewa, lakini wiki tatu hadi sita ni kawaida kwa tawi lililopunguzwa hivyo. Njia ya uhakika ni mizani. Mpime uzito kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, mti umekauka.

Baba wa Mafinga alirudi barabarani siku ya sita, safari ya Tunduma hadi Lubumbashi. Kazi ya kupima akamwachia kijana. Kila Jumamosi kijana alibeba matawi yake hadi dukani, muuza duka akayaweka kwenye mizani ya sukari, na jioni simu ikapigwa.

"Baba, lile refu lilikuwa kilo moja na gramu 150. Leo ni 980."

Wiki iliyofuata: "Ni 890." Kisha 850. Kisha 840.

Kabla ya hapo mama ndiye aliyekuwa akimshurutisha azungumze na baba yake kwenye simu, na maneno yalikuwa yale yale: shikamoo, nzuri, kwaheri. Sasa kijana ndiye aliyekuwa anaomba simu. Kutoka kwenye gramu wakafika kwenye foleni ya mpakani, kutoka kwenye foleni wakafika kwa mwalimu wa hisabati ambaye kijana alikuwa anamwogopa tangu Februari. Baba hakuwa anajua habari za mwalimu huyo.

Kuchonga

Uzito ulipobaki 840 kwa wiki mbili mfululizo, baba alikuwa amerudi. Walianza na tawi fupi kati ya yale mawili.

Vifaa ni vya nyumbani: panga kali au tezo kwa kupunguza, kisu, tupa, msasa, penseli. Panga lishikwe na mzazi. Mtoto apewe tupa na msasa, na kisu akikitumia akisukume kuelekea mbali na mwili wake, amekaa, hakuna mtu mbele yake.

Kanuni ni moja, na ndiyo inayovunja pinde nyingi za wanaoanza: mti hupunguzwa tumboni tu, mgongo hauguswi. Upinde unapovutwa, nyuzi za mti za mgongoni zinavutwa kama kamba kutoka ncha hadi ncha. Ukikata nyuzi chache kwa kisu, umeikata kamba. Za tumboni zinabanwa, nazo huvumilia. Magome yanaweza kubanduliwa taratibu kwa mkono au kwa kipande cha mti butu, lakini mti mweupe ulio chini yake uachwe mzima.

Baba aliisikia kanuni hiyo kwa mzee, akamwambia mwanawe "usiguse mgongo," basi. Hakusema kwa nini.

Kijana aliona kifundo kidogo mgongoni, kimetokeza kama kipele. Hakikupendeza. Baba alipoingia ndani kunywa chai, akakifuta kwa kisu, akasugua kwa msasa, pakawa laini kabisa. Walipouvuta mara ya tatu, upinde ulilia *paa!* na kukatika pale pale.

Baba alikiona kile kidonda cha kisu kwenye kipande kilichovunjika. Kijana naye alijua kwamba kimeonekana. Akaweka tupa chini na kuanza kuelekea ndani.

"Rudi hapa," baba alisema, na sauti ilitoka kali kuliko alivyokusudia. Kijana akarudi, macho chini. Baba akageuza kile kipande, akamwonyesha nyuzi zilivyong'oka. "Ona. Hapa ulizikata, na hapa ndipo zilipoachia. Nilikwambia usiguse, sikukwambia sababu. Wa kwanza niliuharibu mimi, wa pili tumeuharibu wote. Lete lile refu."

Mzazi yeyote aliyewahi kufundisha kitu anaijua dakika hiyo. Mti ulikuwa umevunjika tayari. Kilichokuwa bado kuamuliwa ni kama mtoto ataficha kosa lake lijalo au atalisema.

Kusawazisha, hatua inayotaka macho mawili mawili

Wekeni ncha moja ya upinde ardhini, mshike mshiko kwa mkono mmoja na ncha ya juu kwa mwingine, msukume kidogo. Mkono wa upinde upinde wote, kuanzia karibu na mshiko hadi karibu na ncha, kama mwezi mchanga. Penye pembe kali pamepungua sana, pasiguswe tena. Palipobaki pamenyooka ndipo penye mti mwingi, pawekwe alama ya penseli na kukwanguliwa. Geuzeni, fanyeni vivyo hivyo upande wa pili.

Mikono miwili ikipinda sawa, chongeni vijikato ubavuni mwa kila ncha, sentimita 2 kutoka mwisho, vya kushika uzi. Visiwe na kina kirefu, na visivuke kwenda mgongoni. Fungeni kamba ndefu iliyolegea, tundikeni upinde kwenye kigingi imara ukutani kwa mshiko wake, tumbo likitazama chini. Mmoja avute kamba taratibu, mwingine asimame hatua kadhaa nyuma atazame.

Hapa mtoto ndiye anayefaa kuwa mtazamaji. Yeye ndiye aseme "kushoto hakupindi." Mzazi akwangue anapoambiwa. Kila mkikwangua kidogo, vuteni nusu nusu mara 20 hivi, kisha mtazame tena. Msivute kupita nguvu mnayoitaka mwishoni, na mkiona upande mmoja umelegea, msivute zaidi hadi upande mgumu ulinganishwe nao.

Nguvu kiasi gani? Kwa mtoto wa umri huo, kilo 5 hadi 8 zinatosha. Kipimo ni ndoo ya maji. Lita moja ni kilo moja. Upinde ukiwa kigingini, ning'inizeni ndoo kwenye uzi, mwongeze maji lita kwa lita, mkikumbuka uzito wa ndoo yenyewe. Uzi ukishuka umbali ambao mtoto anaweza kuvuta, yaani kama sentimita 50 kutoka kwenye mshiko, mtajua nguvu ya upinde wenu. Wa Mafinga ulishuka hapo kwa lita 6. Ilichukua siku mbili, na dada yake wa miaka minane ndiye aliyekuwa anajaza maji.

Uzi na mishale

Kamba ya manila ni nene na inavutika. Afadhali uzi wa washona viatu au uzi wa nyavu, nyuzi kadhaa zisokotwe pamoja na kupakwa nta hadi zifikie unene wa njiti ya kiberiti. Uzi wa katani nao ulitumika zamani, lakini huchoka pale penye fundo. Upinde ukiwa umefungwa uzi, nafasi kati ya mshiko na uzi iwe ngumi ya mtoto na dole gumba lililosimamishwa juu yake.

Pakeni mti mafuta kidogo ili usinyonye unyevu. Ukimaliza kurusha, fungua uzi. Upinde unaolala umefungwa huchoka na kubaki umejikunja.

Mishale hutengenezwa kwa matete yaliyokauka au vijiti vilivyonyooka, sentimita 60 au zaidi, ili usiweze kuteleza nyuma ya mshiko uzi unapovutwa. Manyoya matatu ya kuku kutoka bawa moja, yaliyopasuliwa katikati na kugandishwa nyuma, yanatosha kuunyoosha mwendo wake. Ncha ya mbele iwe butu, ifungwe kitambaa na mpira wa tyubu ya baiskeli.

Mzazi, hapa usilegeze

Mshale butu hauchomi tumbo, lakini unatoboa jicho. Kanuni hizi ziwe kama za kuvuka barabara, hazina siku ya mapumziko:

- Mtoto harushi bila mtu mzima kuwepo. Upinde ukae anakoweka mzazi.
- Shabaha ni gunia lililoshindiliwa majani au nguo kuukuu, na nyuma yake pawe na tuta la udongo, pasiwe na njia ya watu.
- Wote wakae nyuma ya anayerusha. Hakuna anayekwenda kuokota mshale hadi upinde uwekwe chini.
- Kurusha juu angani ni marufuku. Kulenga mtu, kuku, mbuzi au ndege ni marufuku, hata kwa utani.
- Usivute na kuachia bila mshale. Nguvu iliyokusudiwa mshale hurudi kwenye mti, na upinde unaweza kuvunjika usoni mwa mtoto.
- Kabla ya kila zamu, pitisheni macho kwenye mshale na upinde. Penye ufa, mwisho wa mchezo.

Jambo jingine ni utomvu. Watoto wakisikia habari za mishale ya sumu hutaka kujaribu. Utomvu wa mnyaa, ule wa ua za nyumba nyingi, ukiingia jichoni ni hatari kubwa. Waridi la jangwani, ua zuri linalouzwa kwenye vyungu, ndilo moja ya mimea ambayo Wahadzabe hutumia kupata sumu ya mishale. Mtoto aambiwe wazi: hakuna kupaka chochote kwenye mshale.

Na huu si upinde wa kuwindia. Tanzania, Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali kwa anayewinda. Kenya ilipiga marufuku uwindaji tangu mwaka 1977.

Jumapili ya mwisho

Siku moja kabla ya baba kurudi barabarani, familia ilisimama nyuma ya nyumba. Gunia lilikuwa hatua 15. Kijana alikosa mishale minne. Wa tano uligonga pembe ya gunia na kuanguka. Dada yake aligonga katikati mara ya pili tu, na akasema kwa wiki nzima. Mzee wa jirani aliomba kuushika, akaupitisha kidole gumba tumboni kutoka ncha hadi ncha, akasema mkono wa chini bado una mti mwingi kidogo, wakwangue.

Jumatano baba alikuwa Mbeya anasubiri mzigo. Simu ikaita.

"Baba, kuna kitu nataka kukwambia. Jana nilisahau kufungua uzi, ukalala umefungwa. Umejikunja kidogo."

"Kiasi gani?"

"Kama vidole viwili."

"Ufungue uuache upumzike, usiuvute hadi nirudi. Tutautazama wote."

Mzazi anayetaka kuanza hahitaji kusubiri likizo. Matawi mawili yakikatwa mwishoni mwa Oktoba, ncha zikapakwa gundi na kuwekwa kivulini, yatakuwa tayari shule zitakapofungwa Desemba. Kazi ya wiki hizo ni moja tu, nayo ni ya mtoto: kubeba mti hadi dukani kila Jumamosi, na kuja kusema umebaki gramu ngapi.